Viatu vya Mpiga Ngoma Kubwa

Katika uwanja wa muda waliotengewa wachuuzi wakati soko lao likijengwa upya, kibanda cha fundi viatu kilijulikana kwa mambo mawili: harufu ya gundi, na sauti ya mwenyewe akiwagombeza wateja. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. Lakini habari ya vipimo ikiingia, utani aliuweka kando kama mtu avuaye kofia mlangoni. Mteja aliyetaka kiatu kipya alivuliwa cha zamani, akatandikiwa karatasi ya kaki sakafuni, akaamriwa asimame wima, mikono chini, macho mbele, uzito wa mwili ukae sawa juu ya miguu yote miwili. Ndipo fundi alipopiga magoti na kuuzungusha mguu kwa penseli, polepole, kana kwamba anachora mpaka wa nchi.

Wapo waliojaribu kuketi.

"Fundi, si unipime hapahapa kwenye benchi? Nimechoka mwenzio."

"Kiatu chenyewe utakivaa ukiwa umeketi?"

"Hapana, lakini..."

"Basi simama, mama yangu. Mguu ulioketi hauna habari na mwili. Ukisimama unatanuka, unarefuka, unakuwa mguu wa kweli. Huo ulionao hapo ni picha tu."

Watu walicheka, wakasimama. Alikuwa amemsimamisha hakimu, alikuwa amemsimamisha bibi harusi aliyekuja na shangazi zake watatu, na hakuna aliyewahi kurudi akilalamika kwamba kiatu kinambana. Wote walimwita Soli, kwa sababu kila kiatu kilicholetwa kwake, hata kama kasoro yake ilikuwa kifungo, alikigeuza kwanza kutazama soli.

Lililokuwa halijulikani na wengi ni kwamba miguu yake mwenyewe ilikuwa ikimtesa. Kisukari kilikuwa kimekaa naye miaka mingi kama mpangaji mtulivu, kisha kikaanza kudai vyumba zaidi. Kilianza na vidole: ganzi ya asubuhi, kama ya mtu aliyelalia mguu. Baadaye ukaja moto. Nyayo ziliwaka bila kuwa na joto. Ukizigusa zilikuwa baridi, naye ndani alihisi makaa. Siku nyingine walikuwa siafu, wakipanda kutoka vifundoni hadi karibu na magoti. Siku nyingine vilikuwa vichomi vilivyopiga mara moja na kutoweka, kama mtu anayebisha hodi na kukimbia. Na katikati ya kelele zote hizo, sehemu ya chini ya nyayo ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba hakuweza kutofautisha zulia na saruji kwa kukanyaga tu.

Aliambiwa zahanati kwamba mishipa ya fahamu ilikuwa imeumia, na kwamba dawa ingepunguza makali bila kuyamaliza. Alilipokea hilo kwa namna yake. Shuka lilipoanza kumchoma kwa kumgusa tu, alichukua kreti tupu la soda, akaliingiza chini ya shuka upande wa miguuni, akailaza miguu yake ndani yake kama chupa mbili. Mkewe, aliyeitwa Mama Pacha kwa ajili ya mabinti wao waliokwisha kuolewa na kwenda zao, alilitazama kreti hilo kwa muda siku ya kwanza.

"Baba Pacha, hivi mimi niliolewa na mume au na duka la soda?"

"Lala salama, mama. Chupa zikipasuka nitakuamsha."

Hata majina aliipa miguu hiyo. Wa kulia, uliowaka zaidi, aliuita Mlalamishi. Wa kushoto, ambao ganzi yake ilikuwa imezidi, aliuita Mkimya. Akiulizwa asubuhi hali yake, alijibu kwamba Mlalamishi amehutubia tangu alfajiri na Mkimya bado hajatoa msimamo.

Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha, nacho kilikuwa ngoma kubwa. Wachuuzi wa soko hilo walikuwa na bendi yao ya matarumbeta, na Soli ndiye aliyeibeba ngoma kubwa kifuani tangu siku bendi ilipoanzishwa. Mwenye ngoma hiyo si mpigaji tu. Ndiye anayewatembeza wengine. Tarumbeta zinaweza kukosea, matoazi yanaweza kuchelewa, lakini pigo la ngoma kubwa likiyumba, mstari wote unapigana vikumbo. Soli alijifunza tangu ujana kuunganisha mkwiro wake wa kupigia ngoma na mguu wa kushoto: mguu ukigusa ardhi, mkwiro unatua. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama vile mtu asivyofikiria kupumua.

Sasa soko jipya lilikuwa limekamilika juu ya kilima, na siku ilikuwa imepangwa ya wachuuzi wote kurudi. Bendi ingetangulia, kwa miguu, kutoka uwanja wa muda hadi langoni. Watu hawakuwa na mazungumzo mengine. Wauza nguo walikuwa wakifungasha na kufungua tena kwa furaha tu. Soli alikuwa ameishi kwenye vumbi la uwanja ule akiiota siku hiyo, na katika ndoto zake zote alikuwa mbele, na ngoma kifuani.

Kiongozi wa bendi alikuwa fundi saa, mzee mwembamba ambaye hakuvumilia kitu chochote kilichochelewa. Katika mazoezi ya kwanza, kwenye barabara iliyo nyuma ya uwanja, aliwapanga, akainua mkono, na bendi ikaondoka kwa kishindo. Mambo yalikwenda vyema hadi kwenye kona. Hapo kinyozi, aliyepiga matoazi nyuma ya Soli, akaacha kupiga.

"Soli," aliita, "hiki ni chako, au nikitangaze?"

Alikuwa ameshika kiatu. Soli alitazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa na soksi tupu. Kiatu kilikuwa kimemvuka zamani, naye alikuwa ameendelea kutembea kifua mbele, bila habari, juu ya kokoto na vifuniko vya chupa. Bendi nzima ikaangua kicheko, naye akacheka nao, kwa kuwa jambo lenyewe lilichekesha. Fundi Saa peke yake hakucheka. Aliinama, akautazama unyayo ule wa soksi, kisha akamvuta pembeni.

"Mwenzangu, ungekanyaga chupa iliyovunjika ungejua?"

Soli alikung'uta kokoto kwenye soksi.

"Basi sikiliza. Kilima kile si mchezo. Siku hiyo nitakupandisha kwenye pikapu, utapanda kwa heshima zako zote, na ngoma ataibeba Kinyozi."

"Kinyozi anapiga ngoma kama anayemnyoa mtu mwenye haraka."

"Nimesikia hiyo," alisema Kinyozi. "Na wewe unatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kumbe ni kiatu."

"Nipe hadi mazoezi ya mwisho," Soli alimwambia Fundi Saa. "Nikiharibu, nitapanda hiyo pikapu mwenyewe, na nitawapungia watu mkono."

Fundi Saa aliitazama saa yake, kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Hadi mazoezi ya mwisho," alisema.

Siku ya zahanati ilipofika, Soli alikwenda na shaka moja moyoni: kwamba angeambiwa aache kutembea. Daktari alikuwa mwanamke kijana wa umri, aliyezungumza kwa utaratibu wa mtu mzima. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamlaza kitandani na kumtaka afumbe macho.

"Nitakugusa kwenye unyayo kwa kiuzi cha plastiki, baba. Kila ukihisi, sema."

Soli alifumba macho, akasubiri. Alisubiri kwa adabu. Mwishowe akauliza, "Umeanza, daktari?"

"Nimekwisha kumaliza, baba."

Soli alifumbua macho. "Mkimya nilimtarajia," alisema, "lakini huyu Mlalamishi, kwa maneno yake yote yale, nilidhani angalau angejibu."

Daktari alitabasamu, kisha akaviokota viatu vilivyokuwa chini ya kitanda. Aliingiza vidole ndani, akabonyeza mbele, akabonyeza nyuma, akamwomba avivae na kusimama. Alivitazama kwa muda.

"Baba, viatu hivi havikutoshi."

Soli aliweza kuvumilia kuambiwa mengi, lakini si hilo. "Daktari, nimevishona mwenyewe."

"Najua. Vinabana huku kwenye vidole, vinapwaya kisiginoni. Ndiyo maana vinakuvuka. Tena hapa pana lengelenge, nawe hulijui."

"Nimevilainisha. Nimeviongeza urefu ili visiniumize."

"Na hivi nilivyovaa mimi, amevishona nani?"

Soli aliinama kutazama. Alivitambua kabla hajaulizwa. "Ni vyangu. Uliegemea meza wakati wa kupimwa."

"Nikagombezwa mbele ya watu, mkoba wangu mkononi, hadi nikasimama sawa. Havijanibana hata siku moja. Sasa wewe, baba, ulipimwa na nani?"

Soli alivitazama viatu vyake upya. Alikuwa amejipima mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, akaweka karatasi chini, akainama na kuuchora mguu wake mwenyewe, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kusimama wima, macho mbele, na papo hapo akauzungusha mguu wake kwa penseli. Na penseli ya mtu mwingine hakuwahi kuiamini. Isitoshe, alijipima hivyo alipokuwa kijana. Kutokana na mchoro ule alichonga kalibu zake mbili za mti, zenye umbo la mguu, na juu ya kalibu hizohizo alikuwa ameshona kila kiatu alichokivaa tangu wakati huo.

"Siahidi kwamba maumivu yataondoka," daktari aliendelea kwa upole. "Kiatu hakiponyi mishipa. Lakini kutembea si adui yako. Tembea, usitembee peku, kagua nyayo zako kila jioni, na viatu vipya uvizoee kidogo kidogo. Hili lengelenge likauke kwanza. Mengine unayajua kuliko mimi."

"Nilidhani nayajua," alisema Soli.

Alifika nyumbani kimya, jambo lililomtia Mama Pacha wasiwasi, kwa maana mumewe aliweza kusimulia hata foleni. Mkewe alielezwa habari yote. Alikwenda chumbani, akarudi na karatasi ya kaki, akaitandaza katikati ya sebule.

"Simama."

"Mama Pacha, ngoja nitafute..."

"Simama hapo, baba yangu. Mguu ulioketi hauna habari na mwili. Miaka yote hii nayasikia maneno hayo, mengine nayaota. Simama."

Alisimama. Mkewe alipiga magoti na kushika penseli. Soli aliinamisha kichwa.

"Macho mbele."

"Umeilaza penseli. Inatakiwa iwe wima."

"Hapa fundi nani?"

"Mimi."

"Leo wewe ni mteja, tena msumbufu. Macho mbele."

Alipoanza kuuzungusha mguu wa kulia, Soli aliuma meno. Mama Pacha aliinua penseli. "Inauma?"

"Inawaka. Endelea, usiniachie nusu mguu."

Aliendelea kwa wepesi ambao Soli hakujua kwamba mkewe anao, penseli ikipita kandokando bila kuigusa ngozi. Miguu yote miwili ilipokwisha kuchorwa, Soli alileta kalibu zake za ujanani na kuziweka juu ya mchoro. Zilikaa katikati kama watoto waliovaa makoti ya baba yao. Pande zote, mbele na kando, karatasi ilibaki wazi.

Walizitazama wote wawili. Kisha kicheko kikaanza tumboni mwa Soli, kikapanda taratibu, na kilipofika mdomoni kilimlazimu kushika ukuta.

"Mji mzima nimeuvalisha," alisema akifuta machozi, "na mimi mwenyewe siku zote navaa viatu vya kijana mmoja ambaye alikuwa hata hajaoa."

"Namkumbuka," alisema Mama Pacha. "Miguu mizuri alikuwa nayo. Akili ndiyo ilikuwa inasumbua."

Kesho yake aliingia kazini kama mtu aliyepewa agizo na hakimu. Alizinenepesha kalibu kwa vipande vya ngozi vilivyogundishwa tabaka kwa tabaka, akizipima kila mara kwa mchoro wa mkewe, ambao hakuthubutu kuurekebisha hata mahali penseli ilipolala. Alichagua ngozi laini, akaweka mishono yote nje ili ndani pasiwe na cha kusugua, akaacha nafasi ya vidole kupumua, na kuhakikisha kisigino kinashikwa barabara. Viatu vilipokwisha, alivivaa kidogo asubuhi, kidogo jioni, na Mama Pacha alizikagua nyayo kwa kioo kidogo cha mkono. Lengelenge lilikauka. Vichomi vilibaki, moto ulibaki. Lakini viatu vilitulia miguuni, naye akaacha kutembea kama anayevuka matope.

Hata hivyo ardhi hakuihisi. Aliibeba ngoma kibandani, akajaribu kupiga hatua, na mkwiro ulitua mapema au kwa kuchelewa, kwa kuwa mguu haukumwambia umefika lini. Hapo ndipo alipovunjika moyo. Alikuwa akitembea huku na huko akiwa na mawazo hayo, aliposikia kitu: tak. Akasimama. Akatembea tena: tak. Alivua kiatu akakigeuza, kwa mazoea yake, kuitazama soli, akakuta msumari mdogo wa kazi umejipigilia kwenye mpira wa kisigino, kichwa chake nje. Haukuwa umefika ndani. Aliung'oa, akaukalisha kiganjani, akautazama kwa heshima.

Jioni hiyo kila kisigino kilikuwa na kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mchanga. Mguu ukigusa saruji, ulisema. Kazi ambayo unyayo ulikuwa umeiacha, sikio liliichukua.

Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzisikia hatua hizo. "Soli, mbona unalia kama farasi? Vyuma hivyo vya nini?"

Soli hakuwa tayari kueleza habari za ganzi kwa mtu aliyekuwa akiitamani ngoma yake. "Fasheni," alisema.

Ilikuwa kosa kumwambia Kinyozi neno hilo. Kabla ya wiki kwisha, bendi yote ilikuwa imepanga foleni kibandani, kila mmoja na viatu vyake mkononi, akitaka visigino vya chuma kwa ajili ya siku kubwa. Fundi Saa alikuja mwisho, akasema kwamba yeye hataki makuu, ila hapendi kuonekana tofauti na wenzake. Soli aliwapigilia wote.

Katika mazoezi ya mwisho pigo halikuyumba, na kiatu hakikuvuka. Fundi Saa alimkabidhi ngoma, lakini hakuwa mtu wa kukubali nusu ya ushahidi. "Hapa ni tambarare," alisema. "Pikapu itatufuata nyuma. Kilimani nikisikia pigo limepotea, unapanda, na hatutabishana mbele za watu."

"Hatutabishana," alisema Soli.

Siku ilipowadia, uwanja ulijaa watu kuliko bidhaa. Mikokoteni ilifungwa vitambaa, mizani ilipigwa brashi, na wanawake wa mboga walivaa sare walizoshona kwa siri. Bendi ilipoondoka, vigelegele vilipaa. Soli alikuwa mbele, ngoma kifuani, na kila mguu wa kushoto ulipolia, mkwiro ulitua.

Kilima kilianza kwa upole, kisha kikabadili tabia. Mlalamishi aliwaka hadi gotini. Hilo Soli alikuwa amelitarajia na kulipangia. Alikwisha kupiga moyo konde. Asilolipangia ni kelele. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, wakiimba, wakipiga mbinja, wakigonga masufuria, na katikati ya mwinuko sauti ya kisigino chake ikamezwa. Alipiga hatua, asisikie kitu. Akapiga nyingine. Mkwiro ukabaki hewani, haujui utue lini, na ukatua kwa kuchelewa.

Mbele yake, Fundi Saa aligeuza kichwa. Nyuma kabisa, pikapu ikapiga honi.

"Soli," Kinyozi aliita, na safari hii hapakuwa na utani katika sauti yake, "upo?"

"Nipo. Usinisemeshe, nasikiliza."

Maana alikuwa amekisikia kitu. Hakikuwa kisigino chake. Kilikuwa nyuma yake, kizito, cha pamoja: visigino vyote vya bendi, vyuma alivyovipigilia mwenyewe kimoja kimoja, vikiigonga lami kwa wakati mmoja. Kelele za mji mzima hazikuweza kukimeza kishindo kile. Wenzake walikuwa bado wanatembea kwa pigo alilowapa tangu uwanjani. Naye sasa aliliazima pigo lake mwenyewe kutoka miguuni mwao. Alisikiliza mara moja, akaliingia, na mkwiro ukatua mahali pake. Ukatua tena. Fundi Saa alibaki amegeuka kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akatazama mbele na kuinua mkono juu zaidi. Pikapu haikupiga honi tena.

Waliingia langoni hivyo. Soli alijua kwamba miguu ilikuwa ikimwuma sana. Hakuwa na nafasi ya kuishughulikia.

Nafasi aliipata katika kibanda chake kipya, kilichonuka rangi na bado hakijanuka gundi. Aliketi kwenye kigoda na kuinyoosha miguu, ngoma ikiwa kando yake. Mama Pacha alimvua viatu vile taratibu, akapitisha kioo chini ya nyayo, mmoja baada ya mwingine.

"Wekundu kidogo hapa kando. Jeraha hakuna." Aliweka kioo chini. "Mlalamishi anasemaje?"

"Ameomba asisumbuliwe hadi kesho. Mkimya ameunga mkono hoja."

Fundi Saa aliingia akichechemea, Kinyozi nyuma yake akiwa na matoazi kwapani. Mzee aliketi kwenye benchi, akavua viatu vyake, akavitazama kwa chuki.

"Hivi vyuma vyako nilidhani ni fasheni," alisema.

"Ni fasheni."

"Ya nani?"

"Ya watu wa umri wetu."

Fundi Saa alimtazama, akaitazama miguu ile iliyonyooshwa, na akaelewa. Lakini alikuwa mtu wa heshima, hakuuliza zaidi. "Nataka viatu kama hivyo vyako," alisema. "Vyangu vimeniua. Nipime."

"Mimi leo siinuki hapa," Soli alijibu. "Fundi ni huyo."

Mama Pacha alikuwa amekwisha kutandaza karatasi ya kaki juu ya sakafu mpya. Fundi Saa aliunyoosha mguu wake kutoka pale benchini alipoketi, akaufikisha kwenye karatasi, akasubiri.

Mume na mke walitazamana, na Kinyozi, aliyewajua, akaanza kucheka kabla ya wakati.

"Simama, shemeji," alisema Mama Pacha akipiga magoti. "Macho mbele."